Pombe Maabarani: Hamira, Histoni na Kumbukumbu ya Seli

Maneno ya Kiswahili yaliyokwenda kukaa katika lugha za mbali ni machache yakilinganishwa na yale yaliyokuja kukaa katika Kiswahili, lakini yapo. Safari ndilo linalotajwa kila mara. Lipo jingine ambalo halisikiki sana katika mihadhara ya isimu, nalo lilisafiri pamoja na mashapo ya kinywaji. Mnamo mwaka 1893, Mjerumani Paul Lindner, mtaalamu wa vijidudu vya viwanda vya bia, alieleza hamira ya aina mpya iliyopatikana katika pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki. Hamira hiyo haikufanana na ile waliyoizoea watengenezaji bia wa Ulaya. Alipotafuta jina la kuipa, alilichukua neno la Kiswahili la kinywaji chenyewe. Tangu hapo huitwa Schizosaccharomyces pombe, na hakuna mwanabaiolojia, awe Tokyo, New York au Edinburgh, anayeweza kuitaja kwa jina lake kamili pasipo kutamka Kiswahili.

Hamira iliyozoeleka jikoni, ambayo kwa jina la kisayansi huitwa Saccharomyces cerevisiae, ndiyo inayoumua mkate na mahamri. Huzaana kwa kuchipua: seli changa huota ubavuni mwa seli mama, ikakua, ikajitenga. Hamira ya pombe ina umbo la kijiti. Hurefuka, ikajigawa katikati, vikawa vijiti viwili vilivyolingana. Hata majina yao ya Kiswahili yana nasaba mbili. Hamira ni neno lenye asili ya Kiarabu, na mahamri ni ndugu yake wa damu. Pombe ni neno la Kibantu.

Haki itendeke hapa kabla kiburi hakijatangulia. Mbegu ya hamira ambayo Urs Leupold wa Uswisi aliitumia alipoanzisha utafiti wa jenetiki ya kiumbe hiki katika miaka ya 1940, na ambayo ndiyo chimbuko la zile zinazotumika katika maabara nyingi hadi leo, haikutoka katika mtungi wa Afrika Mashariki. Ilitokana na maji ya zabibu ya Ulaya. Kilichobaki cha Afrika Mashariki ni jina. Na jina hilo limebandikwa juu ya mojawapo ya hadithi nzito za sayansi ya zama hizi, yaani jinsi seli inavyoweza kukumbuka jambo bila kubadilisha hata herufi moja ya maandishi yake ya urithi. Hadithi hiyo, kwa sehemu kubwa, Kiswahili hakijaisimulia.

Uzito wa pengo hili hauonekani vyema katika makongamano ya istilahi. Huonekana nyumbani. Na ufikiriwe mfano wa mwanafunzi wa baiolojia aliyerudi kijijini wakati wa likizo, akaketi na nyanya yake jioni.

“Hebu niambie, mjukuu wangu, huko chuoni unasoma nini?”

“Nasoma hamira, nyanya.”

“Hamira? Miaka yote minne?”

Kijana hucheka, na nyanya hucheka naye, na mazungumzo huishia hapo. Huishia hapo si kwa sababu nyanya hana akili ya kuelewa. Pengine katika ujana wake aliotesha kimea, akapika pombe ya wimbi, akahifadhi mashapo ya mtungi wa jana ili yachachushe mtungi wa kesho. Huishia hapo kwa kuwa yote aliyofundishwa kijana yamo kichwani mwake kwa Kiingereza, naye hajui aanzie wapi kuyatoa. Insha hii inaanzia pale alipokwama.

Kila seli ya hamira ina maandishi yake ya urithi, DNA. Maandishi ya hamira ya mkate yalikamilishwa kusomwa mwaka 1996. Yana takriban herufi milioni 12, zilizogawanywa katika kromosomu 16, na ndani yake mna jeni zipatazo 6,000. Uzi huo ungenyooshwa, ungefikia urefu wa milimita 4 hivi. Urefu huo ni mdogo kwa macho ya mtu, lakini kiini cha seli kinachouhifadhi kina kipenyo cha takriban milimita 0.002 tu. Uzi unazidi nyumba yake kwa mara 2,000 hivi, na bado hauna budi kuingia humo bila kufungana mafundo, tena kwa namna ambayo ukurasa unaohitajika unaweza kufunguliwa wakati wowote.

Hapa ndipo histoni zinapoingia. Hizi ni protini ambazo Mjerumani Albrecht Kossel aliziainisha mwaka 1884 kutokana na damu ya bata bukini. Kwa miaka mingi hazikupewa heshima. Mwaka 1974 Roger Kornberg alieleza jinsi zinavyokaa: histoni nane, mbili mbili za aina nne zinazoitwa H2A, H2B, H3 na H4, hukusanyika zikawa kama kigurudumu kidogo, na uzi wa DNA wa herufi 147 hivi huzungushwa juu yake karibu mara mbili. Kigurudumu hicho pamoja na uzi wake huitwa nukleosomu. Maelfu ya nukleosomu hupangika kama shanga katika uzi mmoja, nao uzi hukunjwa tena na tena.

Aliyewahi kuikunja leso anaelewa matokeo yake. Leso ina jina lake, yale maneno yaliyochapwa karibu na pindo la chini. Ikikunjwa na kuwekwa sandukuni, maneno hayo hayafutiki, lakini hakuna anayeyasoma. Ikikunjuliwa na kuvaliwa, kila apitaye huyasoma. Jeni iliyofungwa kwa kubana katika histoni iko hivyo. Imo, haina kasoro, lakini haisemi.

Ni nani basi anayeamua sehemu ipi ikunjuliwe na ipi ibaki imekunjwa? Kila histoni ina mkia unaochomoza nje ya kigurudumu, na mikia hiyo hubandikwa alama za kikemikali. Alama mbili zinazojulikana zaidi ni asetili na methili. Mwaka 1964 Vincent Allfrey na wenzake walipendekeza kwamba alama ya asetili inahusiana na kusomwa kwa jeni. Sehemu ya sababu ni rahisi kueleza. Histoni zina chaji chanya na DNA ina chaji hasi, kwa hiyo vitu hivi viwili hukumbatiana. Asetili ikibandikwa juu ya laisini, ambayo ni mojawapo ya asidi amino za mkia, huiondolea chaji yake chanya, na kumbatio likalegea. Methili haiondoi chaji hiyo. Yenyewe hufanya kazi kama ishara inayosomwa na protini nyingine, ambazo huja na kufungua au kufunga kulingana na mahali alama ilipo.

Msomaji aliyepitia miswada ya kale ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu atakuwa amekwisha kuona mfano ulio karibu zaidi. Katika hati ile konsonanti ndizo mwili wa neno, na irabu fupi huonyeshwa kwa hareke zinazowekwa juu au chini. Mwandiko ukiachwa bila hareke, msomaji hubaki akikisia. Hareke zikiwekwa, usomaji hutulia. Alama za histoni nazo hukaa pembeni ya mwandiko wa DNA, haziugusi, na bado huongoza usomaji wake. Mfano huu, hata hivyo, una mpaka. Hareke hubadilisha sauti ya neno, ilhali alama za histoni hazibadilishi maana ya jeni. Huamua kama jeni itasomwa, na kwa kiasi gani.

Lakini kwa nini mambo haya yalithibitishwa katika hamira, si katika mnyama? Binadamu ana makumi ya nakala za jeni za histoni, na kuziondoa zote ili kuweka nyingine ni kazi isiyo na mwisho. Hamira ya mkate ina nakala mbili tu za kila jeni ya histoni kuu. Mtafiti anaweza kuziondoa, akaweka mahali pake histoni aliyoirekebisha mwenyewe, kisha akatazama seli itafanya nini. Hiyo ndiyo njia aliyoifuata Michael Grunstein katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mwaka 1988 yeye na wenzake walionyesha kwamba seli ikipunguziwa nukleosomu, baadhi ya jeni huwaka hata pasipo amri ya kawaida. Mwaka huo huo walionyesha kwamba ukikata mkia wa histoni H4, jeni za jinsia ya hamira ambazo kwa kawaida hunyamazishwa huamka. Mwaka 1991 wakaonyesha kwamba laisini za mkia huo zinazopokea asetili zikibadilishwa, jeni ya kutumia sukari ya galaktosi hushindwa kuwaka ipasavyo. Zile protini zilizodhaniwa kuwa masanduku ya mizigo zikaonekana kuwa sehemu ya utawala.

Mwaka 1996 C. David Allis na wenzake walikitambua kimeng'enya kinachobandika asetili. Walikipata katika kiumbe wa majini mwenye seli moja, wakakuta kinafanana na protini ya hamira iliyokuwa imekwisha kujulikana kwa jina la Gcn5 kama msaidizi wa kuwasha jeni. Mwaka huo huo maabara ya Stuart Schreiber iliripoti kimeng'enya cha binadamu kinachobandua asetili, nacho kilifanana na protini ya hamira iitwayo Rpd3. Miaka 10 baadaye, mwaka 2006, dawa inayozuia vimeng'enya vya jamii hiyo iliidhinishwa nchini Marekani kwa matibabu ya aina moja ya saratani inayojitokeza katika ngozi. Mwaka 2018 Allis na Grunstein walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Lasker. Wote wawili wamekwisha kuaga dunia, Allis mwaka 2023 na Grunstein mwaka 2024.

Kuwasha na kuzima bado si kumbukumbu. Kumbukumbu huanza pale ambapo seli hugawanyika na watoto wake wakaendeleza hali ya mama bila kuamriwa upya. Katika hamira jambo hili huonekana kwa macho matupu. Ipo jeni ambayo seli ikiikosa hujaza rangi nyekundu. Mwaka 1990 Daniel Gottschling na wenzake waliiweka jeni hiyo karibu na ncha ya kromosomu, mahali palipokunjwa kwa kubana, katika hamira ya mkate. Seli zote zilikuwa na DNA ile ile. Hata hivyo, makundi yaliyoota juu ya sahani yalikuwa na mabaka: sehemu nyeupe ambamo jeni ilisomwa, na sehemu nyekundu ambamo ilinyamazishwa. Kila baka ni ukoo ulioshika desturi ya mzazi wake kwa vizazi kadhaa, kisha mmoja wa wajukuu akageuka. Mwaka 1994 Robin Allshire na wenzake mjini Edinburgh waliona mabaka ya namna hiyo katika hamira ya pombe, safari hii katikati ya kromosomu.

Na ni hapa ambapo kiumbe mwenye jina la Kiswahili anampita mwenzake wa jikoni. Hamira ya mkate hunyamazisha jeni kwa njia yake yenyewe, na haina ile alama ya methili inayowekwa juu ya laisini ya tisa ya histoni H3. Hamira ya pombe inayo, na binadamu anayo. Mwaka 2000 maabara ya Thomas Jenuwein na washirika wake walitambua kwamba kimeng'enya cha binadamu kiitwacho SUV39H1, pamoja na ndugu yake Clr4 wa hamira ya pombe, ndivyo huiandika alama hiyo. Mwaka 2002 ikafahamika kwamba vipande vidogo vya RNA humwelekeza mwandishi huyo mahali pa kuandika.

Clr4 ana sehemu mbili: moja huisoma alama na nyingine huiandika. DNA inaponakiliwa kabla ya seli kugawanyika, histoni za zamani hugawiwa nakala zote mbili, na nafasi zilizobaki hujazwa histoni mpya zisizo na alama. Clr4 hutua juu ya histoni ya zamani, akaisoma, akaandika alama ile ile juu ya jirani yake mpya. Ni kazi ya mnakili wa mswada, anayetazama ukurasa wa kushoto na kuandika katika ukurasa wa kulia. Yupo pia mfutaji, protini iitwayo Epe1. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti, moja la Allshire na jingine la Danesh Moazed, yalimpeleka Clr4 kwa makusudi mahali ambapo hakuwa na kazi, kisha yakamwondoa. Katika seli zenye Epe1 alama ilifutika upesi. Katika seli zisizo na Epe1 alama iliendelea kunakiliwa kwa vizazi vingi, ingawa aliyeianzisha hakuwapo tena. Hapo ilithibitika kwamba alama ya histoni yenyewe inaweza kurithiwa.

Mwaka 2020 maabara ya Allshire ilitoa matokeo yanayomgusa hata mkulima. Hamira ya pombe ilikuzwa katika kafeini, ile iliyomo katika kahawa, kwa kiwango kinachoua seli nyingi. Zipo zilizonusurika. Baadhi ya hizo hazikuwa na badiliko la DNA linaloeleza kunusurika kwake. Zilikuwa zimenyamazisha jeni fulani kwa alama ya methili, na zilipokuzwa tena bila kafeini, ukinzani wake ulififia. Isitoshe, seli hizo zilikinzana pia na baadhi ya dawa za kuua kuvu. Kuvu huharibu mazao shambani na huwashambulia wagonjwa waliodhoofika hospitalini, na dawa za kupambana nazo si nyingi. Ikiwa kuvu waharibifu nao wanaweza kukinzana na dawa kwa njia ya alama zinazokuja na kuondoka, basi mtafiti anayetafuta mabadiliko ya DNA peke yake anaweza kupitwa na ukinzani uliopo mbele ya macho yake.

Habari ya namna hii inastahili kufika kijijini. Ugumu ni kuifikisha bila kuipotosha. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, kazi iliyowafaa walimu na wanafunzi wengi. Lakini mengi yaliyoelezwa hapa yaligunduliwa baada ya mwaka huo. Mfasiri anayeyaendea leo hukutana na mtego katika hatua ya kwanza. Akisema “mabadiliko ya histoni”, msomaji atadhani ni kasoro katika jeni, kwa maana neno mabadiliko limezoeleka kwa badiliko la DNA yenyewe, ambalo ndilo hasa halipo hapa. “Alama za histoni” ni istilahi nyepesi na salama zaidi. Alama huwekwa, husomwa, hunakiliwa na hufutwa, na vitenzi hivyo vinne vinabeba karibu sayansi yote iliyoelezwa. Kunyamazisha jeni ni bora kuliko kuiua, kwa sababu aliyenyamaza anaweza kusema tena. Epijenetiki yaweza kukubaliwa kama ilivyotoholewa, maadamu ifuatwe na maelezo.

Mtego wa pili ni neno urithi. Wapo wanaoisikia epijenetiki wakakimbilia kutangaza kwamba njaa na majonzi ya mababu yameandikwa katika miili ya wajukuu. Hamira haijasema hivyo. Hata katika hamira ya pombe alama nyingi hufutwa upesi pasipo kuondolewa kwa mfutaji, na katika wanyama wanaonyonyesha, sehemu kubwa ya alama husafishwa na kupangwa upya katika mbegu za uzazi na mwanzoni mwa mimba. Wataalamu wenyewe wanaendelea kujadiliana ni alama zipi huamuru na zipi hufuata tu baada ya jeni kusomwa. Lugha inayopokea sayansi kwa mara ya kwanza ina wajibu wa kuipokea pamoja na mipaka yake, la sivyo itapokea uvumi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo hauna nyama ikiwa kijana aliyehitimu sayansi hawezi kumweleza nyanya yake kazi ya miaka minne. Wala kazi ya kumsaidia si ya wanasayansi peke yao. Anayejua jinsi Clr4 anavyosoma na kuandika huenda asijue tofauti ya alama na badiliko katika masikio ya msomaji wa Kiswahili, na mwanafunzi wa Kiswahili anayeijua tofauti hiyo huenda hajawahi kusikia habari za Clr4. Vyumba vyao huwa katika bweni moja.

Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kusifu kwamba Kiswahili kimeingia maabarani kwa neno pombe ni sifa ya namna hiyo, kwani jina lilichukuliwa na wengine, kwa haja zao, zaidi ya miaka 130 iliyopita. Sifa ya kweli itaanza siku mwanafunzi yule atakapoulizwa tena na nyanya yake, naye asicheke, bali aanze hivi: “Nyanya, yale mashapo uliyokuwa ukiyahifadhi kwa ajili ya mtungi wa kesho yana wadudu wadogo wasioonekana, na wadudu hao wana kumbukumbu.” Bila shaka nyanya atauliza wanakumbukaje, na jibu la Kiswahili lipo.